Jinsi ya kurekodi masimulizi ya wazee na kuyarusha redioni katika mji wa skii: mwongozo kamili

Telluride ni mji mdogo uliojibana mwishoni mwa bonde katika Milima ya San Juan, jimbo la Colorado, Marekani. Uko mita 2,667 juu ya usawa wa bahari. Milima imeuzunguka pande tatu, na barabara ya lami unayoingilia ndiyo hiyohiyo utakayotokea. Sensa ya 2020 ilikuta wakazi 2,607. Anayefika leo huona hoteli, maduka ya vifaa vya skii na gondola inayopandisha watu mlimani bure. Ni vigumu kuona kwamba kwa karibu karne nzima watu walipandia bonde hili wakifuata fedha, dhahabu, risasi na zinki.

Zishike tarehe tatu. Mwaka 1972 mlima ulifunguliwa kwa skii. Mwaka 1975 redio ya wenyeji, KOTO, ilianza kurusha matangazo. Mwaka 1978 mgodi wa Idarado ulifungwa. Kwa hiyo redio ilizaliwa ndani ya ile miaka sita ambapo mchimbaji aliyetoka zamu na kijana aliyekuja kuteleza kwenye theluji walisimama foleni moja dukani. Wengi waliosimama kwenye foleni ile bado wapo, ila umri unasogea.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeishi au kufanya kazi katika mji wa namna hiyo na anataka kuwarekodi watu wale. Wasemaji wa Kiswahili mlioko huko kwa kazi za hoteli, jikoni au shule, msidhani kazi hii ni ya wenyeji tu. Redio za aina hii huendeshwa na wakazi wanaojitolea. Tena mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji anaona aibu kuyauliza, kwa kuwa anadhaniwa anayajua.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu linabadilisha mpangilio wote wa kazi. Watu wengi huiweka redio mwisho: rekodi, hariri, rusha, basi. Mimi naiweka katikati. Simulizi ikiruka hewani bondeni, simu huanza kulia, na wanaopiga ndio waliokuwepo. Wanasahihisha, wanaongeza, wanabisha. Usipokuwa umejiandaa kuwapokea, umepoteza nusu ya historia.

Anza na umri

Kabla ya kugusa maikrofoni, chukua karatasi upige hesabu. Treni ya Rio Grande Southern iliacha kufanya kazi mwaka 1951. Mtoto aliyeipanda akiwa na miaka 10 alizaliwa 1941. Kijana aliyekuwa na miaka 25 Idarado ilipofungwa alizaliwa 1953. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia uanze na nani. Usianze na mtu maarufu ambaye ameshahojiwa mara 10. Anza na mwenye umri mkubwa zaidi, au mgonjwa, au yule ambaye kazi yake haikuandikwa popote.

Hapo kwenye "haikuandikwa popote" simama kidogo. Orodha ya kawaida ya mji wa skii hujaa wachimbaji na mabingwa wa kuteleza. Ongeza fundi wa lifti za viti, dereva wa greda la kusukuma theluji anayeamka saa 9 usiku, mkunga, karani wa benki na mpishi wa shule. Ongeza pia wasafisha vyumba wanaozungumza Kihispania, ambao wengi hawamudu kodi za nyumba mjini na hulala Montrose, mwendo wa kilomita 100 hivi kila upande. Simulizi ya mtu huyo ya mwaka huu itakuwa historia kabla hujamaliza kupanga faili zako.

Wala usiianzishe hadithi ya bonde kwa mchimbaji wa kwanza. Wa-Ute, wenyeji wa asili wa milima hii, waliwinda humu majira ya joto kwa vizazi vingi. Mkataba wa Brunot wa 1873 uliwanyang'anya milima hii, na mwaka 1881 wengi wao walifukuzwa kutoka magharibi ya Colorado. Ukitaka sauti yao, nenda kwa viongozi wao kwanza uombe, ukubali pia kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Soma kabla ya kubisha hodi

Jumba la makumbusho la Telluride limo katika jengo la hospitali ya zamani ya wachimbaji, lililojengwa miaka ya 1890. Pita hapo. Magazeti ya zamani ya Colorado nayo yamewekwa mtandaoni bure na maktaba ya jimbo. Soma kiasi cha kujua majina ya migodi, mitaa na misiba: moto wa mgodi wa Smuggler-Union mwaka 1901, maporomoko ya theluji kwenye mgodi wa Liberty Bell mwaka 1902, mgomo wa 1903 na 1904 ambapo askari wa jimbo waliwafukuza wanachama wa chama cha wafanyakazi. Husomi ili umwonyeshe mzee kwamba unajua. Unasoma ili akitaja Pandora, makazi ya zamani ya kinu cha madini karibu na mji, usimkatize kuuliza Pandora ni nani.

Chagua msimu

Wiki ya Krismasi usimpigie mtu. Nusu ya pili ya Juni nayo iache, mji unakuwa umejaa wageni wa tamasha la muziki wa bluegrass lililoanza 1974. Nafasi nzuri ni mara mbili kwa mwaka: Aprili na Mei, lifti zikishafungwa na barabara zikawa tope tupu, kisha Oktoba hadi katikati ya Novemba. Majira hayo watu wana muda, na wanakosa mtu wa kuzungumza naye.

Ridhaa, na uieleze kwa mdomo

Kuna ruhusa mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni kurusha hewani. Ya pili ni kuhifadhi na kuwaruhusu wengine watumie. Mtu anaweza kukubali moja akakataa nyingine, au akasema sehemu fulani isitoke mpaka miaka kadhaa ipite. Fomu yako iwe na nafasi ya kuandika hayo yote, iwe ukurasa mmoja, na iwe kwa lugha anayoisoma. Maneno ya msimuliaji ni yake. Bila sahihi yake makumbusho itapokea faili isiloweza kulitumia.

Ukirekodi kwa simu kwa ajili ya redio, kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, zinakutaka umwambie mtu kabla hujabonyeza kitufe. Kuna jingine linalowakuta wengi: wachimbaji wa zamani wana midomo. Kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku matusi hayaruhusiwi hewani. Usimkataze mzee kutukana, utaua hadithi. Mwache atukane, wewe utahariri nakala ya redio, na rekodi kamili ibaki kama ilivyo.

Chumba kabla ya kifaa

Kinasa sauti kidogo cha mkononi chenye maikrofoni ya nje kinatosha. Rekodi kwa mfumo wa WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Saa moja ya sauti ya mkondo mmoja itakula kama megabaiti 520, kwa hiyo kadi ya kawaida inabeba mahojiano mengi. Maikrofoni iwe shubiri moja hadi moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Vilele vya sauti viishie karibu desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha kinasa sauti.

Vaa hedifoni muda wote. Hili naliandika kwa uchungu. Niliwahi kurekodi saa moja na dakika 10 na mama aliyeendesha basi la shule kwenye barabara za mlimani kwa zaidi ya miaka 20. Sikuvaa, kwa sababu niliona zitamfanya ajione yuko hospitalini. Waya ulikuwa umelegea, nikarudi nyumbani na mkwaruzo mtupu. Alikubali kurudia. Lakini mara ya kwanza, alipofika kwenye siku ambayo breki zilishika moto, alinyamaza akapangusa meza kwa kiganja, taratibu, kana kwamba kuna makombo. Mara ya pili aliieleza siku ileile kama anayesoma taarifa. Ile kimya sitaipata tena.

Sasa chumba. Mahojiano mengi hufanyika kwenye meza ya jikoni, na adui wa kwanza ni friji. Omba ruhusa uizime, kisha weka funguo za gari lako ndani yake. Hutaondoka bila kuikumbuka. Jiko la kuni likilia, sogea mbali nalo. Saa ya ukutani, mbwa, simu: shughulikia kimojakimoja.

Urefu wa milima una lake. Wazee wengi hutumia mashine ya oksijeni, na walioumizwa mapafu na vumbi la mwamba ndio hasa unaowatafuta. Mashine ile inanguruma. Kamwe usiombe izimwe, hata kwa dakika moja. Mirija yake kwa kawaida ni mirefu. Omba mashine iwekwe chumba cha pili na mlango usogezwe, kisha uilete maikrofoni karibu zaidi. Maliza ndani ya dakika 45. Ukiona anavuta pumzi katikati ya sentensi, funga daftari, urudi siku nyingine.

Baridi nayo hunyonya betri, kwa hiyo zibebe mfuko wa ndani wa koti. Ukiingia kwenye nyumba ya moto ukitoka nje, acha kifaa ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi, la sivyo unyevu utaganda juu yake kama umande. Na kama una uhuru wa kuchagua siku, chagua asubuhi baada ya theluji nyingi kuanguka. Theluji mpya hunywa sauti. Magreda yakishapita, mji unatulia kiasi kwamba unasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

Kabla ya kuanza, na tena kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya chumba kitupu watu wakiwa wamenyamaza. Utaihitaji wakati wa kuhariri.

Maswali

Swali baya kuliko yote ni "Zamani maisha yalikuwaje?" Utajibiwa kwa hotuba. Uliza vitu vinavyoshikika. Siku ya kwanza ulishuka mgodini na nani? Chakula cha mchana kilikuwa nini, mlikalia nini mkila? Ulikuwa umesimama wapi uliposikia Idarado inafungwa? Nani mwingine alikuwepo? Swali hilo la mwisho ni dhahabu, linakupa orodha ya watu wa kuwatafuta.

Uliza sauti, kwa kuwa hii ni redio. Rio Grande Southern ilikuwa na magari ya reli yaliyoitwa Galloping Goose, mseto wa basi, lori na behewa, na moja limeegeshwa hadi leo karibu na mahakama ya Telluride. Mtu aliyeliona likitembea, mwombe aigize mlio wake. Wazee wenye haya watacheka, kisha wataigiza, na kutoka hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Omba pia vitu. Migodini mtu aliposhuka alichukua kibati chake cha shaba chenye namba ubaoni, akipanda akakirudisha, ili zamu ikiisha ijulikane nani bado yuko chini. Wengine wamevitunza. Mzee mmoja alikitoa chake kwenye kopo la misumari akakiangusha mezani kabla sijauliza neno. Kililia mara moja, kikazunguka, kikatulia. Nilianza kipindi kwa mlio ule, bila muziki, na nikamwacha aseme mwenyewe: "Hiki kikibaki nje ya ubao usiku, mke wangu anapigiwa simu."

Miji ya skii iliyotokana na migodi ina maswali yake ambayo hayapatikani kwingine: mabadiliko yalipitaje mikononi mwenu? Kule Park City, Utah, kuanzia mwaka 1965 wateleza theluji walipakiwa kwenye treni ya mgodini, wakapita gizani karibu kilomita 5 ndani ya mlima, kisha wakapandishwa mita 530 hivi kwa lifti ya shimo hadi juani. Walioliendesha treni lile walikuwa wachimbaji. Ukikutana na aliyelipanda, usimuulize kama alifurahia. Muulize maji yalimdondokea wapi, na dereva alisema nini njiani.

Msiba uuchukulie taratibu. Karibu kila familia ya siku nyingi inamjua mtu aliyechukuliwa na maporomoko ya theluji. Mwambie kabla hujaanza kwamba anaweza kukataa swali lolote, na akikataa usilizunguke kuliingilia mlango wa nyuma. Akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu hadi 10 kimoyomoyo. Mara nyingi jambo lenyewe linakuja kwenye saba au nane.

Kwa mambo yaliyogawanya mji, tafuta pande zote kabla ya kurusha upande mmoja. Mwaka 2007 dola milioni 50, fedha za mji pamoja na michango ya watu wa Telluride na marafiki zao, zilipatikana ili mji ununue uwanda wa ekari 570 hivi ulioko mlangoni mwa bonde, usijengwe. Wapo wanaoutaja kwa fahari hadi machozi. Wapo walioona fedha ile ingejenga nyumba za wafanyakazi. Wote wawili wananunua mkate duka moja, na wewe pia.

Jioni hiyohiyo

Usilale kabla ya kutengeneza nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba yako, mtandaoni au kwa makumbusho. Ipe faili jina linaloeleweka: mwaka, mwezi, siku, jina la ukoo. Andika ukurasa mmoja ukiwa bado unakumbuka: nani alikuwepo chumbani, majina yaliyotajwa na tahajia zake, dakika zenye uzito. Kuandika yote yaliyosemwa neno kwa neno huchukua saa sita hadi nane kwa kila saa ya sauti. Kama huna muda huo, andika walau fahirisi ya dakika tano tano. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia, lakini huharibu majina ya watu na ya migodi, ambayo ndiyo hasa yatakayotafutwa.

Kuhariri

Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni bure na inatosha. Fanya kazi kwenye nakala, rekodi mama usiiguse. Kutoka dakika 45 utapata kipande cha dakika nne hadi sita. Tafuta tukio moja, lenye mahali, mtu na mgeuko. Maisha yote hayaingii kwenye dakika tano.

Kata maswali yako kadiri uwezavyo. Pumzi usizikate zote, mtu asiyepumua hasikiki kama mtu. Usihamishe jibu la swali moja ukalibandika kwenye jingine, hata likikaa vizuri kiasi gani. Muziki tumia kidogo sana. Kipande kikikamilika, msikilizishe mwenyewe kabla ya kwenda hewani. Wapo wanaosema hilo ni kumpa mhojiwa mamlaka ya mhariri. Kwa habari za siasa nakubaliana nao. Kwa kumbukumbu ya mtu juu ya nduguye aliyefukiwa na theluji, sikubaliani.

Kurusha

Mawimbi ya FM husafiri kama mwanga wa tochi: yakikuta mlima yanaishia hapo, labda pawe na kituo cha kurudia matangazo juu ya ukingo. Ndiyo maana redio ya bondeni husikilizwa na bonde, na unaweza kusema "pale nyuma ya stoo ya zamani" bila kueleza. KOTO, ambayo haichukui matangazo ya biashara, imejengwa juu ya ukaribu huo. Aliyekulia enzi za kadi za salamu kwenye redio zetu ataitambua hali hii mara moja: sauti inataja jina, na mtaa mzima unamjua mwenye jina.

Asubuhi ya msimu wa theluji watu hufungua redio wasikie hali ya hewa, barabara zilizofungwa na hatari ya maporomoko. Weka kipande chako mara baada ya taarifa hiyo, kabla ya saa 3 ambapo lifti huanza. Kirudie jioni kwa walio zamu. Siku iwe ileile kila wiki. Kama mnapata mtu wa kutengeneza toleo la Kihispania, afanye hivyo, na masimulizi ya Kihispania nayo yatafsiriwe kwa Kiingereza kwa uzito uleule.

Simu zikilia

Hapa ndipo nilipokuwa nikipaelekea. Mwisho wa kila kipindi taja namba ya studio, na awepo mtu wa kupokea kwa nusu saa. Weka daftari lenye safu nne: jina, namba, alichosema, alikuwa wapi tukio likitokea. Mwanzoni nilitegemea pongezi. Nilichopata ni "halikuwa bweni lile, lilikuwa la juu yake", "dereva hakuwa peke yake", na siku moja sauti ya mama mzee: "Huyo kijana mnayesema hakupatikana, alipatikana Juni. Mimi ndiye niliyefua nguo zake."

Mtu wa namna hiyo usimalizane naye kwenye simu. Omba umtembelee, na ufuate hatua zote upya tangu fomu. Masahihisho yasifute simulizi ya kwanza, yaambatishwe nayo kwenye hifadhi kwa tarehe, ili atakayekuja baadaye aone kwamba watu wawili waliokuwepo walikumbuka tofauti. Kosa la wazi, kama jina au mwaka, lisahihishwe hewani wiki inayofuata, saa ileile.

Kaseti za zamani

Karibu kila redio na makumbusho ya miaka ile ina sanduku la kaseti. Kabla hujacheza hata moja, vunja vile vimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu, ili mashine isiweze kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tumia deki iliyosafishwa kichwa kwa spiriti, peleka sauti kwenye kompyuta kwa WAV, na ukae uisikilize yote, maana haiharakishwi. Maandishi ya kwenye kasha yapige picha hata kama hayaeleweki. Kisha tafuta familia ya sauti uliyoisikia. Wapelekee nakala kwenye flashi, na kama mjane wake bado ana redio kaseti jikoni, mrekodie kaseti pia.